Jinsi ya kuandaa mahubiri ya kipindi cha Pasaka, Jumapili zote sio ile moja tu

Hii nawaandikia makatekista, wainjilisti, viongozi wa vigango na mitaa, na yeyote anayesimama mbele za watu Jumapili kwa sababu padri au mchungaji ana sehemu nyingi za kuhudumia na hawezi kuwa kila mahali. Mapadri na wachungaji wenyewe wakisoma sawa tu. Kila mwaka inakuwa hivi hivi, Kwaresima tunajiandaa vizuri, Ijumaa Kuu watu wanalia kweli, Pasaka kanisa linajaa mpaka nje wamefungiwa turubai, alafu Jumapili inayofuata kwaya nusu wamesafiri, mvua ya masika inapiga, mhubiri amechoka, anapasha kiporo cha wiki iliyopita anawapa watu. Ikifika Jumapili ya nne au ya tano ndo kabisa, somo linasomwa harakaharaka alafu mahubiri yanageuka kuwa habari ya michango ya ujenzi. Na hiki kipindi ni siku 50 jamani, kuanzia Pasaka mpaka Pentekoste, kirefu kuliko hata zile 40 za Kwaresima. Kama tunaamini kweli Bwana amefufuka basi hizi wiki saba ndo zinastahili maandalizi yetu makubwa kuliko yote.

Kitu cha kwanza kabisa, usiandae Jumapili moja moja. Wiki ya Pasaka yenyewe, ile Jumatatu au Jumanne ukishapumzika, chukua karatasi moja kubwa au daftari, andika Jumapili zote mpaka Pentekoste na masomo yake yote, moja chini ya nyingine. Wakatoliki tuna mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, A, B na C, na njia rahisi ya kujua uko wapi ni kwamba mwaka unaogawanyika kwa 3 bila kubaki kitu ni Mwaka C. Kwa hiyo 2025 ilikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B (kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa unaanza Majilio, zile wiki za kabla ya Krismasi, sio Januari). Kama wewe ni wa KKKT (Walutheri) au Anglikana fungua kalenda ya kanisa lako, Jumapili zinaweza zisilingane na zetu na masomo mengine yatatofautiana, ila Tomaso, Mchungaji Mwema na Pentekoste utawakuta tu, na hii njia ninayoeleza inafanya kazi vilevile.

Ukishayaandika yote utaona kitu ambacho mtu anayeandaa Jumamosi usiku hawezi kukiona. Mwaka mzima somo la kwanza linatoka Agano la Kale, lakini kipindi cha Pasaka linatoka Matendo ya Mitume, Jumapili zote. Somo la pili Mwaka A linatoka barua ya kwanza ya Petro, Mwaka B barua ya kwanza ya Yohane, Mwaka C Ufunuo. Na Injili kwa sehemu kubwa ni Yohane. Huo mpangilio haujatokea tu kwa bahati. Ukisoma Injili na Matendo ya siku moja pamoja unakuta Injili inakuonyesha hao watu walikuwaje, wamejifungia, wana huzuni, hawaelewi, wanauliza maswali. Alafu Matendo yanakuonyesha watu walewale wamekuwaje baada ya hapo. Mahubiri yako ya kipindi cha Pasaka yako hapo katikati, kati ya walivyokuwa na walivyokuwa baadaye. Nini kimetokea? Mimi naona huo ndo uti wa mgongo, na ndo maana nasema usidharau somo la kwanza. Wengi wetu tunalisikia linasomwa, tunakaa, tunasubiri Injili, na kwenye mahubiri hatuligusi kabisa.

Na hili linakuokoa na mtego mmoja mkubwa, mtego wa kutumia wiki zote kuthibitisha kwamba kaburi lilikuwa wazi. Mhubiri anabishana na watu ambao hawapo, wanaosema mwili uliibiwa, sijui hakufa alizimia tu, na huku kwetu wengine wanageuza mimbari kuwa mhadhara wa kujibu majirani Waislamu. Waliokaa kwenye benchi wameshaamini, ndo maana wamekuja na matope yote hayo. Wanachotaka kujua ni hii habari inawafanya nini wao Jumatatu asubuhi. Petro mwenyewe kwenye barua yake, Mwaka A Jumapili ya sita, anasema tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu lakini "kwa upole na kwa hofu". Kwanza awepo anayeuliza, na jibu liwe na upole.

Sasa tuingie kwenye kazi ya wiki. Jumatatu soma masomo yote kwa sauti. Narudia, kwa sauti, hata kama uko shambani au unasubiri daladala soma kwa sauti ndogo. Usifungue intaneti, usifungue yale mahubiri yanayozunguka WhatsApp, usiulize mtu. Ukianza na mahubiri ya mwenzio utaona alichokiona yeye tu na macho yako yatakuwa yameshafungwa. Hayo ya watu kama unayataka yasome Ijumaa ukishakuwa na yako, hapo yanasaidia kukusahihisha. Kama una Biblia mbili soma zote mbili, ile ya Union Version ambayo watu wengi wanaikariri na Habari Njema ambayo Kiswahili chake ni chepesi. Hapo unatafuta kitu kimoja tu, kimekushangaza nini? Usitafute fundisho kwanza, tafuta kitu kidogo kinachokaa vibaya, ambacho ungekuwa unasimulia wewe usingekiweka.

Nitoe mfano wa Jumapili ya pili, kwa sababu Injili yake ni ileile miaka yote mitatu, Yohane 20:19-31, kwa hiyo kila mhubiri anakutana nayo kila mwaka na kila mwaka analalamika ameshaimaliza. Wakatoliki tunaiita pia Jumapili ya Huruma ya Mungu tangu mwaka 2000 alipotangaza Papa Yohane Paulo II. Wote tunakimbilia kwa Tomaso. Tomaso hakuamini, Tomaso alitaka kugusa, basi ndugu zangu tusiwe kama Tomaso, amina. Soma tena taratibu. Mstari wa 19, jioni ya siku ile ya kwanza, milango imefungwa kwa hofu, Yesu anakuja anasimama katikati, anawaambia "Amani iwe kwenu", anawaonyesha mikono na ubavu, wanafurahi, anawavuvia Roho Mtakatifu, anawatuma. Sawa. Sasa nenda mstari wa 26, siku nane zimepita, wako wapi? Ndani. Na milango? Imefungwa. Hawa watu wamemwona Bwana kwa macho yao, wamepewa Roho, wametumwa, na wiki nzima baadaye bado wamefunga mlango.

Hebu kaa hapo kidogo. Tomaso anarudi anawakuta wenzake wanamwambia tumemwona Bwana, na huku wanamwambia hayo wamejifungia chumbani. Kama mimi ningekuwa Tomaso ningewaamini? Na huyu Tomaso tunayemsema sana ndiye ambaye kwenye Yohane 11:16, Yesu alipotaka kwenda Uyahudi ambako walitaka kumpiga mawe, aliwaambia wenzake twendeni na sisi tukafe pamoja naye. Mwoga sio yeye. Tena wale kumi nao hawana cha kumcheka, Luka 24:11 inasema wanawake walipowaletea habari za kaburini waliziona ni upuzi. Ukishayaona hayo huwezi tena kuhubiri "tusiwe kama Tomaso". Unaanza kuuliza kanisani kwako, sisi tunaosema kila Jumapili tumemwona Bwana, anayetutazama kutoka nje anaona mlango ukoje?

Alafu fungua somo la kwanza, Mwaka A ni Matendo 2:42-47. Watu walewale waliojifungia sasa wanaumega mkate nyumba kwa nyumba, wanakula kwa furaha, wanauza mali wanagawana kadiri ya shida ya kila mtu. Mlango uliofungwa umekuwa nyumba kwa nyumba. Hapo ndo mahubiri yako, huhitaji kwenda mbali. Mwaka B, Matendo 4:32-35, hakuna aliyeita kitu chake mali yake mwenyewe. Mwaka C, 5:12-16, wanatoka barabarani na wagonjwa kwenye vitanda. Miaka yote mitatu ni watu wametoka nje.

Kuna kitu kingine kwenye Injili hii nataka usikipite, yale majeraha. Amefufuka lakini matundu ya misumari bado yapo, na ndo anayowaonyesha ili wamjue. Kwenye kigango chako kuna mama amezika mtoto Kwaresima hii. Yuko benchi la tatu hapo. Ukisimama ukapiga kelele kifo kimeshindwa, shangilieni, wote tushangilie, yule mama unamwambia nini? Usimwambie asilie. Mwonyeshe kwamba Bwana mfufuka hakuja na mwili usio na alama, alikuja na makovu yake, kwa hiyo nafasi yake yeye mwenye kidonda ipo ndani ya furaha hii, hajafukuzwa. Ukiandaa mahubiri ya Pasaka bila kumfikiria aliyefiwa, andaa upya.

Na hapohapo kuna neno la kuangalia, "kwa hofu ya Wayahudi". Waliojifungia ndani wote walikuwa Wayahudi pia, Yesu mwenyewe Myahudi, mama yake Myahudi. Yohane anaongelea wakubwa wa pale Yerusalemu waliokuwa wanatisha watu. Kwenye Matendo pia Petro anawaambia watu wa Yerusalemu ninyi mlimwua, lakini anawaambia kama ndugu zake, na anaenda kuwabatiza hao hao. Usisimame ukawatukana Wayahudi kama kabila, hayo mahubiri yamemwaga damu nyingi sana huko Ulaya kwa karne na karne, sisi hatuna sababu ya kuyabeba.

Jumanne au Jumatano rudi kwenye masomo, safari hii soma kabla ya pale yanapoanzia na baada ya pale yanapoishia. Hii ni kazi ya nusu saa na ndo inayolipa kuliko zote. Masomo yanakatwa, lazima yakatwe maana ibada ina muda, lakini mhubiri lazima ajue kisu kimepita wapi. Siku yenyewe ya Pasaka Injili yetu Wakatoliki, Yohane 20:1-9, inaishia Petro na yule mwanafunzi mwingine wametazama ndani ya kaburi. Maria Magdalena amebaki nje analia, na kuanzia mstari wa 11 ndo anakutana na Bwana, anaitwa kwa jina lake, anatumwa kwa mitume. Watu wanaokuja kanisani siku za Jumapili tu hawaisikii hiyo sehemu kwenye Misa ya Pasaka, inasomwa Jumanne ya oktava, yaani zile siku nane za kwanza za Pasaka. Wewe umeisoma, unaweza kuisimulia.

Mfano mwingine ambao unanishangaza kila nikiuangalia ni Jumapili ya nne, ya Mchungaji Mwema. Mwaka A Injili ni Yohane 10:1-10. Tafuta humo maneno "Mimi ndimi mchungaji mwema". Hayapo! Yako mstari wa 11, na somo limeishia wa 10. Mwaka B ndo unayapata. Kwenye Mwaka A Yesu anasema yeye ni mlango wa kondoo. Sasa wahubiri karibu wote siku hiyo wanahubiri mchungaji, na picha ya Yesu kabeba kondoo mabegani, na siku ya kuombea miito, vyote vizuri, lakini mlango wa zizi ambao ndo umesomwa hauongelewi kabisa. Kama unaishi na wafugaji waulize wiki hiyo, boma likifungwa usiku na miiba linafungwaje, anayelala karibu na mlango ni nani, mnyama akitaka kuingia anapita wapi. Watakupa mahubiri bora kuliko utakayoyatoa kichwani. Na utaona pia mstari wa 9, kondoo anaingia na kutoka, anapata malisho. Ni mlango wa kutokea pia! Wiki mbili zilizopita walikuwa wamejifungia, unaona uzi unavyoendelea? Ndo faida ya kuandika Jumapili zote kwenye karatasi moja.

Siku hiyohiyo Mwaka A kuna somo la pili ambalo naomba sana, sana, ulisome kabla ya pale lilipoanzia. Ni 1 Petro 2:20 na kuendelea, linaongelea kuvumilia mateso wakati umetenda mema. Lilipokatwa, msikilizaji hajui kwamba mistari miwili juu yake Petro anawaambia watumwa waliokuwa chini ya mabwana wakali, watu ambao hawakuwa na pa kukimbilia wala sheria ya kuwatetea. Ukilisoma hivihivi bila maelezo, kuna mwanamke anayepigwa nyumbani analisikia kama amri ya Mungu kwamba akae apigwe. Nimesikia watu wakilitumia hivyo na inauma. Sema wazi pale mbele kwamba Petro anawafariji waliokosa njia, haoni kipigo kuwa kitu kizuri, na Kristo aliteswa mara moja ili kondoo warudi kwa mchungaji wao, sio ili waendelee kuraruliwa. Kama huna muda wa kulielezea vizuri basi usilinukuu juujuu.

Jumapili ya tatu Mwaka A ni Emau, wale wanafunzi wawili wanaoondoka Yerusalemu baada ya Yesu kufa, na hii kila mtu anaipenda kwa hiyo sitakaa sana. Sikiliza tu yale maneno "Nasi tulikuwa tukitumaini". Tulikuwa! Wametembea kama kilomita kumi na moja na hilo neno kifuani. Nani kwenye kanisa lako anasema tulikuwa tukitumaini, kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, wazazi waliouza shamba kumtibu mtu akafa, mkulima ambaye mvua imeharibu alichopanda? Na angalia mmoja tu ndo ametajwa jina, Kleopa, wa pili hana jina, unaweza kumweka yeyote pale. Kwenye Matendo ya siku hiyo Petro yuko Yerusalemu kulekule ambako hawa wawili walikuwa wanakukimbia, amesimama anaongea kwa sauti kubwa, na anainukuu Zaburi ya 16 ambayo ndo zaburi ya siku hiyo pia, kwa hiyo mwambie mwimbishaji mapema asibadilishe zaburi akaweka wimbo mwingine.

Jumapili ya tano Mwaka A ndo ninayoipenda kuliko zote kwa mazingira yetu. Matendo 6:1-7. Kanisa limekua, na ugomvi wa kwanza kabisa unatokea kuhusu nini? Chakula na lugha. Wanaoongea Kiyunani wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, wanapewa wajane wa Kiebrania. Hapa kwetu ukibadilisha majina tu kila mtu anajua unaongea nini, nani anapewa nafasi, misaada ikija inaenda upande wa nani, kamati imejaa watu wa wapi. Sasa ona walivyotatua. Wakachagua watu saba, na majina yote saba yameandikwa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Waliolalamika ndo wamepewa mgao wausimamie! Hawakuambiwa muwe wavumilivu, hawakuambiwa mnaleta ukabila kanisani, wamekabidhiwa kazi yenyewe. Na mstari wa mwisho unasema neno la Mungu likazidi kuenea. Unaposoma kitu kama hicho usikimbie kukifanya kiwe cha kiroho, kiache kiwe chakula na wajane, maana ndivyo kilivyoandikwa.

Angalizo dogo la Jumapili hiyo, kwenye Injili yake, Yohane 14, Filipo anamwambia Yesu utuonyeshe Baba. Huyo ni Filipo mtume. Filipo wa Matendo 6 ni mwingine, ni mmoja wa wale saba, na ndiye anayekwenda Samaria Jumapili ya sita. Watu wanawachanganya sana kwa sababu wanasomwa siku moja. Na ukifika hiyo ya sita, mitume wanawatuma Petro na Yohane waende Samaria wakawaombee wale waumini wapya wapokee Roho Mtakatifu. Nenda Luka 9:54 uangalie Yohane huyuhuyu aliomba nini juu ya kijiji cha Wasamaria siku za nyuma. Aliomba moto ushuke uwaangamize. Sasa anaenda kuwawekea mikono. Hakuna maelezo ya ufufuko unayoweza kutoa yatakayoshinda hilo.

Wanaohubiri Mwaka C wao Jumapili ya tatu wana Yohane 21, ufukweni, na hapo nawaomba waangalie moto wa makaa. Yesu amewasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Sehemu nyingine ambapo Yohane anataja moto wa makaa ni 18:18, uani kwa kuhani mkuu, Petro anaota moto na kumkana. Alimkana mara tatu usiku ule wa moto wa makaa, sasa anaulizwa mara tatu kama anampenda, na moto wa makaa uko pale pale. Watu wetu wanaijua harufu ya mkaa kila siku ya maisha yao, huna haja ya kuwaeleza, waonyeshe tu ile mioto miwili na ukae kimya kidogo.

Alhamisi andika sentensi moja. Moja tu, ambayo mtu akitoka nje akiulizwa mhubiri kasema nini anaweza kuirudia. Isiwe "tuwe na imani" wala "tumpende Mungu", hizo zinafaa kila siku kwa hiyo hazifai siku yoyote. Iwe ya masomo haya. "Waliolalamika ndio waliokabidhiwa mgao", hiyo ni sentensi. Alafu chochote ulichonacho kwenye daftari ambacho hakiingii chini ya hiyo sentensi kiache, hata kama ni kizuri, kitakusubiri mpaka mzunguko urudi miaka mitatu baadaye kwa hiyo daftari usilitupe.

Ijumaa unaandika. Mimi nashauri kuandika neno kwa neno mwanzo na mwisho tu, katikati weka pointi. Mwanzo kwa sababu ndo unapotetemeka, na mwisho kwa sababu wengi wetu hatujui kushuka, tunasema na mwisho kabisa, alafu na la mwisho kabisa, alafu naomba nimalizie. Ingia moja kwa moja kwenye somo, usianze na salamu za dakika tano na kusifia kwaya. Kuhusu urefu, Papa Fransisko mwaka 2024 aliwaambia mapadri mahubiri yasizidi dakika 8. Najua makanisa mengine dakika 8 mhubiri ndo kwanza anavua miwani, na watu wametembea mbali wanataka kushiba, fuata desturi ya kwenu, ila kama ni dakika 30 basi ziwe dakika 30 za somo hilo. Kwa makatekista wa Kikatoliki wanaoongoza ibada ya Neno padri asipokuwepo, mkubaliane na paroko mapema kuhusu tafakari yenu, wengine wanapenda kuiona kabla, na ni jambo jema tu. Muulize pia Kupaa Bwana kunaadhimishwa Alhamisi au kumehamishiwa Jumapili ya saba, maana masomo yanabadilika.

Jumamosi isome yote kwa sauti, ukiwa umesimama. Pale ulimi unapojikwaa sentensi ni ndefu, ikate. Pale unapochoka wewe mwenyewe na msikilizaji amechoka. Kama unaweza mpe mtu mmoja asikilize, mke, mume, mtoto wa sekondari, alafu muulize nimesema nini. Akirudia ile sentensi yako ya Alhamisi kalale. Akisema "ni nzuri" tu, bado.

Na mshughulikie msomaji, hasa Pentekoste. Matendo 2:1-11 ina yale majina, Waparthi na Wamedi na Waelami, Kapadokia, Frigia na Pamfilia, na kila mwaka kuna mtu anapewa somo asubuhi ileile mlangoni anakwama pale, watu wanacheka, na maana ya lile somo, kwamba kila mmoja alisikia kwa lugha yake, inapotea papo hapo. Mpe tangu Jumatatu. Mwambie asome orodha taratibu kama anataja watu walioko hapo mbele yake. Na kama kigango chako kina watu wa lugha kadhaa, tafuta wanne au watano mkutane Jumamosi jioni baada ya mazoezi ya kwaya, kila mmoja aandae ile "Amani iwe kwenu" kwa lugha ya kwao, waiseme kutoka pale walipokaa mara baada ya Injili, kisha wewe ndo usimame uanze.